Kifua Kikuu: Kinga ya Mwili Inapomzingira Bakteria Bila Kumuua

Katika kliniki za kifua kikuu kuna swali linalojirudia karibu kila wiki. Mgonjwa aliyeanza dawa akiwa amekonda, anakohoa na kulowa jasho usiku, hurejea wiki ya nane akiwa na nguvu zake. Kikohozi kimekoma, hamu ya chakula imerudi na uzito umeongezeka. Hapo huuliza: ikiwa amepona, kwa nini ameze vidonge kwa miezi minne zaidi? Kumjibu kwamba ndivyo mwongozo unavyoelekeza si kosa, lakini jibu hilo halimshawishi mtu anayepoteza siku ya kazi na nauli kila anapofuata dawa. Wapo wanaoitikia kwa heshima mbele ya muuguzi, kisha wakaacha dawa wakishafika nyumbani.

Somo hili linaeleza kinachoendelea ndani ya mwili wa mgonjwa huyo. Linamfuata bakteria wa kifua kikuu tangu anapovutwa kwa pumzi hadi anapozingirwa na seli za kinga. Atakayeielewa safari hiyo ataona kwamba muda wa tiba umetokana na namna kinga ya mwili inavyopambana na bakteria huyu: mara nyingi humfungia, lakini si kila mara humuua.

Bakteria asiye na haraka

Bakteria wa kifua kikuu alitambulishwa kwa ulimwengu na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu mwaka 2023 na watu milioni 1.25 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Hata hivyo, walioambukizwa ni wengi kuliko wanaougua. Takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa, na kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao. Waliobaki huishi hadi uzeeni bila dalili yoyote. Kwa hiyo kinga ya mwili hushinda mara nyingi, ingawa ushindi wenyewe hauna uhakika wa kudumu.

Sifa mbili za bakteria huyu humwezesha kuvumilia. Ya kwanza ni ukuta wake mnene wenye mafuta mazito yanayofanana na nta, ambao huzuia kemikali nyingi kupenya. Ya pili ni upole wa kuzaliana. Bakteria wengi wa tumboni huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi wakiwa katika mazingira mazuri. Bakteria wa kifua kikuu huhitaji saa 20 hivi. Ugonjwa wake huja polepole, na tiba yake vilevile huenda polepole.

Makrofaji: seli ya ulinzi inayogeuzwa makazi

Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu anapokohoa, kupiga chafya au kuimba, hutoa matone madogo sana yanayoelea hewani. Yaliyo madogo kupita kiasi hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huko bakteria hukutana na makrofaji, seli kubwa za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vimelea.

Kwa kawaida, kimelea kikishamezwa hufungiwa ndani ya kifuko kidogo katika seli. Kifuko hicho huungana na vifuko vingine vyenye asidi na vimeng'enya vikali, na kimelea humeng'enywa. Bakteria wa kifua kikuu huvuruga hatua hiyo. Kemikali anazozitoa huzuia vifuko kuungana, na baadhi ya bakteria hutoboa kifuko walimofungiwa. Hivyo seli iliyokusudiwa kumuua humpa chakula na maficho.

Hata namna makrofaji inavyokufa ina uzito. Ikifa kwa utaratibu, ikajikunja na kumezwa na seli jirani, bakteria wengi huangamia pamoja nayo. Ikipasuka, bakteria humwagika na kuingia katika seli nyingine. Bakteria wa kifua kikuu ana uwezo wa kuisukuma seli ielekee kifo cha kupasuka.

Kwa kuwa bakteria hukaa ndani ya seli, kingamwili zinazozunguka katika damu hazimfikii kwa urahisi. Jambo hili linahusu vipimo pia. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari dhidi ya vipimo vya damu vya kibiashara vinavyotafuta kingamwili za kifua kikuu, kwa sababu majibu yake hayaaminiki. Mgonjwa hapaswi kuanzishiwa wala kunyimwa tiba ya kifua kikuu kwa kutegemea kipimo cha aina hiyo.

Seli T huchelewa kufika

Makrofaji huhitaji msaada, na msaada huo hutoka kwa seli T. Hizi ni seli za kinga ambazo kila moja hutambua alama maalumu ya kimelea. Ili ziamshwe, seli nyingine za kinga ziitwazo seli za dendritiki hubeba vipande vya bakteria kutoka kwenye pafu na kuvipeleka katika tezi za limfu zilizo karibu. Huko seli T zinazolingana na vipande hivyo huchaguliwa, huongezeka kwa wingi, kisha husafiri kurudi kwenye pafu.

Kwa maambukizi mengi kazi hiyo huchukua siku chache. Kwa kifua kikuu huchukua wiki kadhaa, kwa sababu bakteria hukawiza safari ya kwenda kwenye tezi. Ndiyo maana kipimo cha ngozi cha kifua kikuu huanza kuonyesha matokeo kati ya wiki 2 na 8 baada ya mtu kuambukizwa. Katika muda huo bakteria huzaliana bila kusumbuliwa sana.

Seli T za aina ya CD4 zikifika, hutoa kemikali iitwayo interferoni-gama. Kemikali hiyo huiamuru makrofaji iongeze asidi, itengeneze sumu za kuua bakteria na kuunganisha vile vifuko vilivyozuiwa. Kemikali nyingine, TNF, huimarisha makrofaji na kuziweka pamoja. Umuhimu wa mfumo huu huonekana kwa watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya kurithi katika njia ya interferoni-gama. Hao huweza kuugua vibaya hata kutokana na bakteria dhaifu wa chanjo ya BCG, ambao hawamdhuru mtoto mwingine.

Granuloma: uzio wa seli

Seli za kinga zisipoweza kummaliza bakteria, humzingira. Makrofaji hukusanyika mahali alipo, nyingine huungana na kuwa seli kubwa zenye viini vingi, na limfosaiti hujipanga kuzizunguka kwa nje. Baada ya muda nyuzi ngumu hujengeka pembeni kama kovu. Kinundu hiki huitwa granuloma. Katikati yake seli nyingi hufa na kuacha ute mzito mweupe unaofanana na jibini laini.

Ndani ya granuloma hewa ya oksijeni ni kidogo na chakula ni haba. Bakteria hawezi kuzaliana kama zamani, lakini anaweza kubadili maisha yake. Hupunguza shughuli zake zote, hutumia mafuta yaliyomo katika makrofaji, na husubiri. Hali hii ndiyo inayoitwa maambukizi fiche ya kifua kikuu. Mtu hana dalili, haambukizi wengine, na picha ya kifua chake huweza kuwa ya kawaida.

Tafiti zilizofanywa kwa kima zimeonyesha kwamba granuloma haziwi na hali moja hata ndani ya mnyama mmoja. Moja huweza kuwaua bakteria wake wote huku ya jirani ikishindwa na kupasuka. Kwa hiyo kinga ya mgonjwa haiwezi kuelezwa kwa neno moja kuwa nzuri au mbaya. Ni mapambano mengi madogo yanayoendelea kwa wakati mmoja, na kushindwa katika sehemu moja tu kunatosha kuanzisha ugonjwa.

Kinga pungufu na kinga iliyozidi

Seli T zinazopambana na adui yuleyule kwa miezi au miaka huanza kuchoka. Juu yake hujitokeza vizuizi, mojawapo kikiitwa PD-1, ambavyo huzipunguzia makali. Zipo pia seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kutuliza mapambano. Mtu angeweza kudhani kwamba kuviondoa vizuizi hivyo kungemsaidia mgonjwa. Uzoefu umeonyesha kinyume. Panya wa maabara wasio na PD-1 hufa upesi wanapoambukizwa kifua kikuu, na baadhi ya wagonjwa wa saratani waliopewa dawa za kuondoa kizuizi hicho wameugua kifua kikuu. Kinga inayopigana bila breki huharibu pafu lenyewe.

Uharibifu huo ndio mgonjwa anaouona. Homa, kukonda na jasho la usiku hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali za kinga. Vimeng'enya vinavyotolewa na makrofaji na neutrofili huyeyusha nyuzi zinazoshikilia pafu. Granuloma ikimong'onyoka na kufunguka kwenye njia ya hewa, hubaki tundu. Oksijeni huingia katika tundu hilo, bakteria huzaliana kwa wingi, na kila kikohozi huwatoa nje kwenda kumtafuta mtu mwingine. Mishipa ya damu iliyo ukingoni mwa tundu ikiliwa, mgonjwa hukohoa damu.

Hapa pana jambo la kushangaza. Vimelea wengi hubadili alama zao ili kinga isiwatambue. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba sehemu za bakteria wa kifua kikuu zinazotambuliwa na seli T zimebadilika kidogo sana kwa vizazi vingi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba bakteria huyu hufaidika kwa kutambuliwa: bila kinga kuchachamaa hakuna tundu, na bila tundu ni vigumu kuenea.

Uzio unapolegea

Chochote kinachodhoofisha seli za uzio huweza kumwamsha bakteria aliyelala. VVU ndivyo vinavyoongoza, kwa sababu huharibu seli za CD4 zilezile zinazotoa interferoni-gama. Athari yake hubadilisha hata sura ya ugonjwa. Mgonjwa mwenye CD4 chache hajengi granuloma imara, na kwa sababu hiyo hapati matundu kwa urahisi. Makohozi yake huwa na bakteria wachache, darubini huweza isiwaone, na picha ya kifua huweza kuonekana safi ilhali bakteria wamesambaa katika tezi, ini au utando wa ubongo. Mtoa huduma asitulizwe na kipimo kimoja kilichotoka bila bakteria. Kipimo cha vinasaba na, kwa mgonjwa mwenye VVU aliyedhoofika sana, kipimo cha mkojo cha LAM, huokoa maisha ambayo darubini peke yake ingeyapoteza.

Mgonjwa huyo anapoanza dawa za kufubaza VVU, seli T huongezeka upya na kuwakuta bakteria waliokuwa wakizagaa. Katika wiki au miezi ya mwanzo tezi huweza kuvimba, homa kurudi na hali ya kifua kuonekana mbaya zaidi. Mara nyingi hii ni dalili kwamba kinga imeamka. Mgonjwa asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Arudi kliniki achunguzwe, kwa kuwa usugu wa dawa au ugonjwa mwingine huweza kuleta dalili hizohizo.

Kisukari huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu, kwani sukari nyingi hupunguza uwezo wa makrofaji. Utapiamlo huzinyima seli T nguvu za kuongezeka. Vumbi la mawe lenye silika, linalovutwa na wachimbaji wa madini, huua makrofaji za mapafu. Dawa za kuzuia TNF zinazotumika kutibu baridi yabisi zilifundisha somo hili waziwazi. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa walioanza kuugua kifua kikuu muda mfupi baada ya kupewa infliksimabu, na wengi wao ugonjwa ulikuwa umesambaa nje ya mapafu. TNF ilipoondolewa, uzio ulibomoka.

Dawa humaliza kilichoishinda kinga

Sasa swali la mgonjwa wa wiki ya nane linaweza kujibiwa. Mwanzoni mwa tiba, mwilini mwake mna bakteria wa makundi tofauti. Wengi wako katika matundu yenye oksijeni na wanazaliana haraka. Isoniazidi huwaua kwa kasi, na ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu mapema. Wengine wamo katika mazingira ya asidi, ambako pirazinamidi hufanya kazi vizuri. Kundi la mwisho ni dogo na ndilo gumu: bakteria waliolala, ambao huamka kwa muda mfupi na kulala tena. Rifampisini huwapata wanapojitikisa, lakini haiwezi kuwapata wote kwa siku moja. Ethambutoli huongezwa ili bakteria sugu kwa dawa moja wasipate nafasi. Kwa hiyo tiba ya kawaida ina miezi 2 ya dawa nne, ikifuatiwa na miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana Afrika Mashariki. Kabla ya miaka ya 1970 tiba ya kifua kikuu ilichukua miezi 18 au zaidi. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Kundi moja lilipewa streptomaisini na isoniazidi kwa miezi sita. Kundi lingine liliongezewa rifampisini. Tiba ilipomalizika, wagonjwa wengi wa makundi yote mawili walikuwa na makohozi safi. Tofauti ilionekana baadaye. Katika kundi lisilopata rifampisini, asilimia 29 hivi walirudiwa na ugonjwa. Katika kundi lililoipata, ni asilimia 3 tu. Makohozi safi hayakuwa na maana kwamba bakteria waliolala walikuwa wamekwisha.

Utafiti umeendelea kufupisha muda huo pale inapowezekana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya miezi 4 kwa watoto wenye kifua kikuu kisicho kikali, kwa kuwa bakteria wao ni wachache, na likakubali mchanganyiko maalumu wa miezi 4 kwa baadhi ya watu wazima. Kila ufupisho ulithibitishwa kwa majaribio. Mgonjwa anayejifupishia mwenyewe hana kinga ya ushahidi huo, na bakteria wanaobaki huweza kuwa wale waliozoea dawa.

Namna ya kumweleza mgonjwa

Maelezo haya yote yanaweza kufupishwa kwa lugha ya kila siku. Mgonjwa anaweza kuambiwa hivi: “Dawa zimewaua bakteria waliokuwa wanakusumbua, ndiyo maana umepata nafuu. Wamebaki wachache waliolala, ambao mwili wako umewazungushia uzio. Dawa huwaua wanapoamka, na hawaamki wote siku moja. Ukiacha sasa, hao ndio watakaoanza upya.” Maelezo hayo huchukua chini ya dakika moja, na mgonjwa huondoka akijua vidonge vilivyobaki vinafanya kazi gani.

Kwa watoa huduma, mambo manne yafuatayo yanatokana moja kwa moja na somo hili:

1. Kipimo cha ngozi na kipimo cha damu cha interferoni-gama huonyesha kwamba seli T zimewahi kukutana na bakteria. Havitofautishi maambukizi fiche na ugonjwa. Dalili, makohozi na picha ya kifua ndivyo huamua.

2. Tiba kinga hutolewa kwa mtu aliyeambukizwa ambaye bado hajaugua. Isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa miezi 3, humwangamiza bakteria akiwa bado ndani ya uzio. Kabla ya kuianza ni lazima kuhakikisha kwamba mtu hana kifua kikuu hai. Watu wanaoishi na VVU na watoto wadogo wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wapewe kipaumbele.

3. Chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, huwakinga watoto dhidi ya aina kali kama kifua kikuu cha utando wa ubongo. Haizuii kikamilifu ugonjwa wa mapafu kwa watu wazima. Kovu la chanjo begani lisiwe sababu ya kuacha kumpima mtu anayekohoa kwa wiki mbili.

4. Aliyepona anaweza kuambukizwa upya, kwa sababu seli T zenye kumbukumbu hazitoi ulinzi kamili. Akianza kukohoa tena achunguzwe, na kipimo cha usugu wa dawa kifanyike mapema.

Mgonjwa anayekuja wiki ya nane akiwa na afya amekwisha kufanya sehemu ngumu ya kazi. Mwili wake uliwazingira bakteria kabla hajajua kwamba anaumwa, na dawa zimewapunguza hadi wakabaki wachache. Kilichobaki ni subira ya miezi minne, na subira hiyo huja kwa urahisi zaidi kwa mtu aliyeelezwa anachosubiri.